Ndege Asiye na Kidole cha Nyuma

Sifa njema zote ni za Mola aliyeumba kila kirukacho na kila kitambaacho, akampa kila mmoja miguu inayomtosha. Tunamshukuru kwa macho aliyotupa, na kwa mipaka aliyoyawekea macho hayo, maana lau mtu angeona kila kitu asingekuwa na haja ya kumwamini mwenziwe. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba wake. Baada ya hayo, nawasimulia ndugu zangu wa Malindi safari niliyoifanya mwaka wa themanini na tisa, mwezi wa Shaaban ulipofika kati, kwenda uwanda mkavu ulio nyuma ya Marafa kumtazama ndege.

Sikuwa mtu wa ndege. Nimesomesha chuo cha Kurani miaka mingi, na ndege ninaowajua ni kuku na kunguru, na wote wawili huwafukuza. Sababu ya safari ilikuwa Athumani.

Athumani ni Mgiriama wa huko nyuma ya Marafa, aliyesoma kwangu tangu utotoni. Sasa ana duka dogo la sukari na mafuta ya taa, mwisho wa makazi, pale uwanda unapoanza. Miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa jicho letu. Ramadhani zilipoangukia majira ya mvua za mwaka, sisi wa pwani tulikuwa tukisimama ufuoni jioni ya ishirini na tisa Shaaban tukitazama mawingu, na yeye kule bara mbingu iko wazi, huuona mwezi mwandamo, akaja mjini kutoa ushahidi. Khatibu wetu akiukubali, watu wakifunga.

Basi mwezi wa Rajabu alikuja kununua bidhaa, akakaa nasi barazani baada ya alasiri, akasema ameona uwandani ndege asiyewahi kumwona. Rangi yake ni mchanga mtupu. Hapendi kuruka, hukimbia hatua kumi, akasimama kama aliyesahau kitu. Nyuma ya jicho ana mstari kama wanja. Miguu mirefu, myeupe. Na ana vidole vitatu mbele, nyuma hana kitu.

Mselem, fundi cherahani, akaweka chini kikombe. "Ndege hapendi kuruka?"

"Hapendi."

"Na amepaka wanja?"

"Kama wanja."

"Athumani, huyo si ndege. Huyo ni bibi harusi amepotea njia."

Watu wakacheka. Athumani naye angalicheka yangalikwisha. Lakini aliapa, na walipozidi kucheka akainuka akaenda zake bila kuaga. Toka siku hiyo maneno yakageuka. Mtu anayeona ndege asiye na kidole cha nyuma, wakasema, atashindwaje kuona mwezi ambao haujaandama? Shaaban ilipoingia, Khatibu akanambia kwa upole kwamba mwaka huu hajui kama ataweza kuupokea ushahidi wa Athumani. Shahidi akishatiliwa shaka kwa jambo dogo, hapokewi kwa kubwa.

Nilimsomesha mimi mtu huyu. Ikiwa ni mwongo, uwongo kausomea wapi? Nikachukua kanzu mbili, tende, na msala wangu.

Jumanne, baada ya alfajiri, niliondoka na lori la Kazungu. Kazungu ni dereva, Mkristo wa Kakuyuni, hupeleka mahindi bara na kurudi na mbuzi. Nilimweleza ninakokwenda na ninachokifuata. Akaendesha mpaka tukavuka daraja la Sabaki, ndipo aliponiuliza, "Mwalimu, ndege huyo analiwa?"

"Sijui."

"Basi tunamfuata wa nini?"

Nikamwambia habari ya mwezi. Akafikiri mpaka Mambrui. "Yaani mji mzima unangoja ndege ndipo ushinde na njaa," akasema. Sikuona kosa katika maneno yake.

Marafa tulifika kabla ya adhuhuri. Watalii wawili walikuwa wakienda kulitazama lile bonde la udongo mwekundu, wamebeba darubini. Nikatamani kuiazima kwao, nikaona haya. Kutoka hapo barabara inapungua. Miti hupungua pia, kisha vichaka, mwisho ikabaki miiba na mchanga, na jua ambalo halina kazi nyingine. Mvua haikuwa imenyesha huko tangu mwaka uliopita.

Athumani alitupokea mlangoni pa duka. "Shikamoo, Maalim." Aliushika mkono wangu muda mrefu. "Umekuja kunihoji?"

"Nimekuja kumwona ndege."

"Na usipomwona?"

"Nitasema sikumwona."

Akaitika kwa kichwa. Mkewe, Bi Mwanajuma, alituletea wali na kunde, na alipokuwa akiondoka akasema, kama anayeviambia vyombo, "Miaka yote wamefunga kwa jicho lake. Leo jicho limekuwa la mzaha." Hapo nikajua kwamba katika nyumba ile safari yangu ilikuwa ikingojwa kuliko mvua.

Jumatano, asubuhi mpaka jua kali, tulitembea uwandani. Kwa neema ya Mola niliona ndege wengi. Tai waliozunguka juu yetu kwa muda, wakatupima, wakaona bado tuna siku. Kanga mia au zaidi, wanakimbia wote kwa pamoja bila sababu. Na juu sana, korongo weupe wakipita kwa mamia kuelekea kaskazini. Athumani alisema kila mwaka kabla ya mvua wao hurejea kwao, nchi zilizo ng'ambo ya Misri, baridi ikishapungua. Nilisimama nikawatazama mpaka shingo ikauma. Umri wangu wote walikuwa wakinipita juu ya kichwa na mimi nasomesha alifu na bee. Lakini wao wana kidole cha nyuma, bila shaka, na hawakutusaidia.

Alhamisi, Kazungu alikuwa amekwisha kusanya mbuzi wake pale kijijini na akasema kesho ni kurudi, wanyama hawangoji ndege. Alasiri hiyo, ikiwa nafasi ya mwisho, alitupeleka kwa lori mbali zaidi, mahali ambapo hapana hata mwiba. Tukatafuta. Hapakuwa na kitu. Athumani alikuwa akitazama chini tu. Lori likachemka, Kazungu akafungua boneti, nasi tukaona ni wakati wa sala.

Maji yaliyobaki yalikuwa ya kunywa na ya lori, kwa hivyo tulitayamamu kwa mchanga. Msala niliuacha nyumbani kwa Athumani, kwa kuwa upepo wa kule huukunja, mtu asijue kama anaswali au anafukuza nguo. Nikasimama mbele, Athumani kuliani kwangu, nyuma kidogo, kama ilivyo kwa wawili.

Rakaa ya mwisho, katika sijida ya kwanza, nikasikia Kazungu akiita, "Mwalimu! Mwalimu, ndege!"

Mwenye kusujudu haitiki.

"Mwalimu, huyo hapo! Ubavuni kwako! Ah, watu hawa!"

Mtu akisujudu panabaki upenyo baina ya mkono na goti. Katika upenyo wa kushoto, shubiri mbili kutoka usoni pangu, ikaja miguu. Miguu miwili mirefu, myeupe kama chaki, imesimama juu ya mchanga. Ikapiga hatua tatu, ikasimama tena, kama aliyesahau kitu. Vidole vilikuwa vitatu, vyote mbele. Nikaangalia nyuma ya mguu. Hapana kitu. Ule mguu wa pili nao, hapana kitu.

Tasbihi za sijida nilikwisha soma tatu. Nakiri kwamba ya nne na ya tano niliziongeza, na Mola anajua kwa ajili ya nani. Kisha nikaona haya, nikatoa takbiri nikainuka, na miguu ile ikaondoka mbio. Niliimaliza sala bila kugeuka.

Baada ya salamu Athumani akanishika bega. "Maalim, ile sijida ilikuwa ndefu. Nilidhani umefariki."

"Hukuona kitu?"

"Upande wangu palikuwa na chungu wakitambaa tu."

Kazungu akaja na kitambaa cha mafuta mkononi. Yeye aliona kitu cha rangi ya mchanga kikikimbia, na kwa mbali ile hakuona zaidi. "Siku mbili mnamtafuta," akasema. "Amekuja mwenyewe mpaka masikioni, nanyi mmemwonyesha visigino."

Nikatafuta nyayo. Pindo la kanzu yangu lilikuwa limekwisha pita pale nilipoinuka, na kilichoachwa na kanzu kilichukuliwa na upepo. Tukakimbilia alikokwenda. Uwanda mtupu. Mchanga, na rangi ya mchanga.

Nikairudia ile sala. Athumani aliketi karibu na gurudumu akaningoja. Nilipomaliza akasema taratibu, "Maalim, waambie umemwona. Ni kweli, si uwongo."

"Nimeona miguu, mwanangu."

"Miguu haitembei peke yake."

"Haitembei. Lakini mimi nimeona miguu."

Aliniangalia, kisha akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu nifike. "Wewe ndiye uliyenisomesha hivyo," akasema.

Ijumaa tulirudi pamoja na mbuzi, nikawahi sala mjini kwa sababu Kazungu aliendesha kama aliyefukuzwa. Baada ya sala, barazani, watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Khatibu alikuwa kitini kwake.

"Haya, Maalim," Mselem akasema. "Bibi harusi ulimwona?"

"Nimeona miguu."

Kicheko kilifika mpaka barabarani. "Miguu mingapi?"

"Miwili."

"Alhamdulillahi, imetimia!"

Nikangoja wamalize. Nikaeleza nilichoona, rangi ya miguu, urefu wake, vidole vitatu mbele na nyuma hapana. Rangi ya mgongo sikuiona. Wanja sikuuona. Kichwa sikukiona.

Mselem akainama mbele. "Samahani, Maalim. Ulikuwa umesujudu au ulikuwa unachungulia?"

"Tasbihi tatu nilikuwa nimesujudu. Mbili za mwisho nilikuwa nachungulia. Sala nimeirudia."

Safari hii hawakucheka. Khatibu akanitazama. "Ungalisema umemwona mzima, nani angalikupinga?"

"Hapana mtu."

"Mbona hukusema?"

"Sikumwona mzima."

Khatibu akajifuta uso kwa leso. "Aliyesomeshwa na mtu huyu," akawaambia watu, "akija na habari ya mwezi, aletwe kwangu moja kwa moja, asiulizwe habari za ndege." Akavaa viatu akaondoka.

Jioni ya ishirini na tisa Shaaban, pwani yote ilikuwa wingu moja, na mvua za mwaka zimeanza. Tulitazama kwa ajili ya sunna tu. Tulikuwa bado tumekaa barazani, usiku umekwenda sana, tuliposikia lori. Athumani akashuka, ameloa, na Kazungu nyuma yake.

"Umeona nini?" Khatibu akamwuliza.

"Mwezi. Mwembamba, pembe zake zimetazama juu. Nimeuona kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, ukazama."

"Nimekubali."

Kazungu aliegemea mlango wa lori. "Nimebeba mahindi, nimebeba mbuzi," akasema, "leo nimebeba njaa ya mji mzima."

Mselem naye hakuweza kujizuia. "Athumani, mwezi huo una vidole vingapi?" Lakini alikuwa amekwisha simama, viatu mkononi, anakimbilia nyumbani kumwambia mkewe atayarishe daku.

Nilichojifunza katika safari hiyo ni kidogo, na kinatosha. Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mola akuonyeshe maajabu yake ukiwa umeinama, akupe ulimi wa kusema ulichokiona pasi na kuongeza hata unyoya, na akujaalie jirani atakayekuamini kabla hajaona nyayo. Amin.