Hapana Sikia

Nimewachukia watu wengi maishani, na wengi wao nimewasahau. Daktari mpasuaji wa jeshi aliyemkata baba yangu mguu sikumsahau hata siku moja, ingawa kwa miaka mingi nilisimama kando yake nikimpa visu.

Hakuwa mjinga, na mikono yake ilikuwa hodari. Katika vita vya Wajerumani alikwenda na askari wetu hadi Tabora, akipasua watu kwenye mahema, na katika safari hiyo akajifunza Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kambini: amri, matusi na maneno ya hospitali. Alijivunia hicho kuliko medali zake. Madaktari wenzake wa Élisabethville waliingia wodini na mkalimani; yeye alimfukuza mlangoni.

Baba naye, askari katika safari hiyo, alirudi kutoka Tabora na chake: uziwi. Alikuwa akihudumia mzinga. Sikio la kushoto lilikufa kabisa, la kulia lilitaka upige kelele. Baadaye akaajiriwa reli, na siku moja taruma la chuma, lile linaloshika reli, likamwangukia mguuni. Kwa kuwa alikuwa askari wa zamani, walimpeleka hospitali ya kambi. Alikwenda na moyo mweupe, maana mpasuaji alikuwa yule yule wa safari.

Yaliyotokea alitusimulia mara nyingi, bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Munganga, ndivyo askari walivyomwita daktari huyo, aliinama miguuni akasema kitu. Baba hakukipata. Akajibu kwa adabu ya askari: "Hapana sikia, Munganga." Munganga akasema tena, huku akimchoma sindano. Baba akakaza meno, kwani mbele ya ofisa askari hatikisiki. "Hapana sikia." Munganga akaandika, akaenda zake. Kesho yake wakamkata chini ya goti.

"Yeye njo anajua," baba alikuwa akisema. "Mie najua nini?"

Nilisoma kwa mapadri, nikawa muuguzi, nikapangiwa chumba cha upasuaji cha mtu huyo huyo. Siku moja niliagizwa kupanga madaftari ya zamani, nikakutana na jina la baba. Maandishi yalikuwa safi, ya Kifaransa: mguu umevimba, nimemuuliza mgonjwa mwenyewe kwa lugha yake, hasikii sindano, mguu umekufa, ukatwe.

Nilikaa sakafuni. Kwetu neno kusikia lina kazi nyingi: unasikia sauti, unasikia njaa, unasikia maumivu. Munganga aliuliza habari za mguu, baba akajibu habari za masikio. Mkalimani yeyote, hata mlevi, angeuliza swali moja zaidi.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Niliwaza kumpa kisu kichafu, niliwaza sumu, nikaona vyote ni vidogo. Nilitaka asikie alichofanya, mbele ya watu, kwa Kiswahili kile kile alichojivunia. Basi nikangoja, nikichemsha vyombo vyake.

Nafasi ilikuja alipostaafu. Sherehe ilifanyika uwanja wa kambi. Wazungu walikaa jukwaani chini ya turubai na kofia zao, askari wa zamani kwenye mabenchi juani, baba mbele kabisa na magongo yake. Ofisa mmoja angesoma maisha ya mpasuaji kwa Kifaransa, na mimi, muuguzi wake mwaminifu, nilichaguliwa kutafsiri. Nilijua kazi yangu ingeishia hapo, labda na jela juu yake. Mke wangu alikuwa na mimba ya tatu. Nikaenda.

Nilitafsiri sawasawa kuzaliwa kwake, shule zake, mahema ya Tabora. Kisha ofisa akasema: "Hakuhitaji mkalimani kamwe. Aliwasikiliza weusi kwa lugha yao." Nikatafsiri na hilo. Halafu nikaongeza langu:

"Aliuliza kiziwi: unasikia? Kiziwi akamujibu: hapana sikia. Akamukata muguu. Ule kiziwi ni papa yangu, njo ule pale."

Mzee mmoja akaropoka kutoka kwenye benchi: "Mama eh! Masikio njo ilikufa, yeye akakata muguu!"

Kicheko kikapasuka, kicheko kibaya, kisha kikakatika. Wazungu wakapiga makofi wakidhani ni utani wa heshima. Mpasuaji peke yake hakupiga. Kiswahili chake kilitosha. Uso ulimshuka, akainuka polepole, akamtazama baba. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi.

Lakini baba hakuwa amesikia neno hata moja. Aliona tu ofisa wake wa zamani amesimama, anamtazama yeye kati ya watu wote. Akayakamata magongo yake, akajiinua juu ya mguu mmoja, akampigia saluti huku uso unang'aa.

Mkono wa mpasuaji ulifika kifuani, ukashindwa kupanda. Akashuka jukwaani bila kuaga. Hakunishtaki, wala sikumwona tena.

Njiani kurudi nyumbani nilimshika baba bega, nikapiga kelele kwenye sikio lake la kulia: "Papa! Nimekulipia kisasi! Leo amesikia!" Nilirudia mara tatu. Akatabasamu, akaegemea gongo moja ili apate kunipigapiga mgongoni.

"Ulimuona?" akasema. "Ule Munganga alinikumbuka."