Mupira Wenye Ulishuka Ziwani

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Mvua tangu asubuhi, ile ya kwetu isiyo na haraka. Mchana ilipunguka, ikarudi tena wakati vijana walipofika.

Mwanangu, ninaandika haya nikiwa nimechoka, na si kwa kazi. Leo vijana wa ekipe, ile timu ya basket ya université, walikuja nyumbani, wakajaza mlango wangu na viatu vyao vikubwa, wakaomba niwape historia ya ekipe yao. Mimi nilicheza katika ekipe ya kwanza kabisa. Wenzangu wengi wamekufa, wengine wako mbali, basi vijana wanafikiri ninajua kila kitu. Sijui. Mwaka wa kwanza niliusoma mara mbili, na mara zote mbili ulinishinda. Waliniandikisha kwa sababu ya urefu. Kwa hiyo nikikosea kupanga maneno, unisamehe.

Kapita wao, yaani nahodha, anaitwa Murhula, kijana mpole. Alieleza kwamba kesho wana mechi, na kwamba wameshonesha vareuse, yaani jezi mpya, kwa ajili ya sikukuu ya ekipe. Mgongoni wanataka kuandika ni nani aliyeianzisha. Wanafunzi wa sheria, wale tunaita watu wa Droit, wanasema ni wao. Wa Médecine, wale wanaosomea udaktari, wanasema hapana, ni wao. Kila upande umeapa kwamba jina la wenzao likiandikwa, wao hawatagusa mupira kesho. Na bila upande mumoja hawatoshi kuwa ekipe.

"Papa, utaje tu jina moja," Murhula akaniambia. "Moja tu, tuende."

"Lakini ikuwe ya kweli," akaongeza Patient, kijana wa Droit. "Hapana ya huruma."

"Anaogopa, njo maana anatanguliza masharti," akasema Bertin wa Médecine.

Niliwaambia ninachojua, bila kupendelea mutu. Pale kwenye kiwanja palikuwa pori. Watu wa Médecine walileta majembe, wakafyeka, wakasawazisha. Watu wa Droit walizunguka kwa wachomeaji wa Kadutu wakiomba vyuma, wakasimamisha vikapu. Niliona nimetenda haki, na nilifikiri maneno yamekwisha.

"Kwa hiyo majembe ilitangulia vyuma," Bertin akasema.

"Pori yenye kulimwa bila kikapu iko shamba," akajibu Patient. "Ninyi mulianzisha shamba. Asante kwa maharagi."

Wakacheka, kisha wakaanza upya, sauti juu. Hapo nilisikia kichwa kinaniuma. Nikawaomba wanyamaze, nikawasimulia habari ya siku moja ambayo haijanitoka, na wewe mwanangu ninakuandikia kama nilivyowasimulia.

Kiwanja chetu kiko kwenye mteremko, kama vitu vyote Bukavu. Zamani hakikuwa na ukuta upande wa chini. Mupira ukitoka upande ule, unashika barabara, unapita katikati ya mamans wanaouza mihogo, na hausimami mpaka ziwani. Kwa hiyo tulijiwekea sheria: mwenye kugusa mupira wa mwisho ndiye anashuka kuutafuta. Ilikuwa sheria nzuri. Ninasema hivyo mpaka leo, maana bila sheria ile angeshuka kila mara yule mwenye roho nzuri, na mutu wa namna ile huchoka haraka.

Siku ile tulipokea ekipe ya Uvira. Walikuwa wamepita Kamanyola na kupanda ile milima wakiwa juu ya mizigo ya kamio, yaani lori, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Ilikuwa mechi ya kutafuta nafasi ya kuendelea na mashindano, na université ilikuwa imetuambia wazi: mukishinda tutaendelea kuwasaidia, mukipoteza kila mutu arudi kwenye vitabu vyake. Mwenyeji ndiye alikuwa anatoa mupira. Sisi tulikuwa na mumoja mzima. Wa pili ulikuwa umepasuka, tulikuwa tunaukalia.

Tulikuwa mbele. Kwa pointi chache, lakini mbele. Ndipo Cirhuza wa Médecine na Zihindula wa Droit wakarukia mupira pamoja karibu na mstari wa chini. Mupira ukapigwa, ukatoka, ukashika barabara.

"Shuka," Cirhuza akasema.

"Nishuke kwa nini? Ni kidole yako."

"Kidole yangu iko safi, haikugusa. Angalia ya kwako."

Niwatendee haki wote wawili. Cirhuza ndiye alinifundisha kurusha mupira, na hakunicheka hata siku moja. Zihindula alikuwa anagawa chakula chake na yeyote aliyekuja bila kula. Hawakuwa watu wabaya. Lakini siku ile kila mumoja alikuwa na upande wake nyuma, na sisi wa nyuma tulichochea. Watu wa Droit wakaleta hoja. Watu wa Médecine wakaeleza mfupa wa kidole unavyopinda. Mutu mumoja akaomba wapimwe vidole kama vina vumbi la mupira. Watu wa Uvira wakakaa chini wakitazama, kapita wao akamuuliza arbitre, mwamuzi wa mechi, kama hii ni mapumziko.

Kochi wetu alikuwa Papa Bisimwa, mwalimu wa chimie, yaani kemia, tayari muzee. Siku za mechi alikuwa anavaa koti. Hakupiga kelele. Alivua koti, akanipa nilishike, akashuka peke yake katika barabara ile. Sisi tulimwona akishuka. Hilo ndilo linaniudhi mpaka leo: tulimwona vizuri, wote, na tukaendelea kubishana, tena sasa tukibishana kwamba aibu ya kumwacha muzee ashuke ni ya upande gani.

Alirudi mikono mitupu, suruali imelowa mpaka magoti. Mupira ulikuwa umeingia ziwani, upepo ukausukuma kwenda upande wa mto Ruzizi. Wavuvi walimwambia umevuka kwenda Rwanda bila karatasi ya mupaka.

"Kochi," Cirhuza akaanza, "tulipatana mwenye kugusa wa mwisho njo anashuka."

"Ni vizuri," Papa Bisimwa akasema. "Mufwate mupira kule ng'ambo, mumuulize aliguswa na nani. Yeye njo shahidi."

Akachukua koti lake mikononi mwangu, akalikunguta kama lina vumbi, ingawa halikuwa nalo.

"Nilikuwa naambia watu kwangu ninafundisha ekipe," akasema. "Kumbe ninafundisha tribunali ya mahakimu. Sheria yenu ilikuwa ya kurudisha mupira. Ninyi munaitumia ya kumutafuta mukosaji. Mukosaji mutamupata, lakini mutacheza na nini?"

Mutu mumoja akasema tutume mutu Kavumu, kwa askari wa uwanja wa ndege, wana mupira. Kavumu, mwanangu, mbali vile, na jua limeshaanza kuteremka. Arbitre alingoja kadiri alivyoweza, kisha akawapa Uvira ushindi. Hata wao hawakufurahi. Kapita wao alitupa mukono mumoja mumoja, kama kwenye matanga.

Université ilifunga ekipe. Papa Bisimwa hakutukasirikia, alichoka tu, akaenda kufundisha wasichana wa sekondari, nao wakawa wazuri sana. Baadaye vijana wengine waliifufua ekipe. Ikafa tena kwa sababu ya nani awe kapita. Ikafufuka. Ikafa kwa rangi ya vareuse. Ikafufuka tena, ikagawanyika kwa sababu ya nani akae mbele katika gari. Hiyo ndiyo historia waliyokuja kutafuta. Pengine nimesahau vikombe viwili vitatu, lakini vifo sikusahau.

Nilimalizia hapo. Nikafikiri, hata mimi mwenye mwaka wa kwanza mara mbili, leo nimefundisha. Kisha Patient akainua mukono.

"Papa, lakini ule wa mwisho kugusa alikuwa wa Droit ao wa Médecine?"

Murhula akajifunika uso na mikono miwili. Mke wangu, kule jikoni, akaacha kukoroga.

"Sikuona," nikamjibu. "Na kama ningeona, singekuambia. Ungeenda kuiandika mugongoni."

Bertin ndiye alianza kucheka, kisha Patient mwenyewe, kwa haya kidogo. Murhula akauliza polepole kama namba peke yake hazitoshi mgongoni. Hakuna aliyemjibu, na kwa vijana wale kutojibu ni kukubali.

Basi, mwanangu, nikuambie wazi, maana wale wameenda na sijui wameshika nini. Kitu chenu kikianza kuteremka, shuka nyuma yake. Usingoje kujua ni nani aliyekisukuma. Kama una haki, haki yako itakungoja pale juu, haiendi popote. Kitu chenyewe hakitangoja. Na ukimwona muzee anashuka badala yako, usisimame kutafuta aibu ni ya nani. Umupite mbio kabla hajafika chini. Labda ninasema vibaya. Papa Bisimwa alisema vizuri zaidi, na hatukumsikia.

Mungu akupe miguu isiyochagua mteremko, na wenzako wa kucheza nao mpaka muzeeke pamoja. Akulinde na ulimi wako, na wangu pia.

Mvua iliwazuia kuondoka, wakakaa kula. Mke wangu alipika bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mboga ya lengalenga kidogo. Sahani zetu hazikutosha, wakala wote katika moja kubwa. Nilimsikia Bertin akiuliza, mdomo umejaa, kesho wanaanza kupasha mwili saa ngapi. Patient akamwambia saa nane, na asichelewe kama kawaida yao. Sambaza ziliisha kabla sijafikiwa. Mimi nilikula bugali na mchuzi.