Suruali nzima, goti vipande viwili

Saa mbili asubuhi mvua nyepesi inanyesha Ledeberg, kitongoji cha mji wa Ghent, Ubelgiji. Lieselot Dhaene anatoka kwenye zahanati ya daktari wa familia akiwa na kisanduku cheupe cha chupa za damu. Anakifunga nyuma ya pikipiki, anapanda, anashika usukani. Kabla ya kuwasha injini anainama na kupapasa goti la kushoto, kisha la kulia, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Umepoteza kitu, mama?" anauliza mzee mmoja mlangoni.

"Hapana, babu. Nahakikisha magoti yangu yako mahali pake."

Mzee anamtazama, anatikisa kichwa na kuingia ndani.

Lieselot, mwenye miaka arobaini na sita, anabeba sampuli za damu na mkojo kutoka zahanati ndogo za Ghent na vitongoji vyake hadi maabara. Zamani alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akikunja mashuka ya watu asiowaona. Alipochoka na mvuke akajifunza pikipiki, na anasema hajawahi kujuta. Hata Novemba ile alipoanguka hakujuta, ingawa tangu hapo haelewi vizuri anachokiamini.

Siku hiyo barabara ilikuwa imelowa na majani yametapakaa. Mwendesha baiskeli alikata ghafla mbele yake. Lieselot akafunga breki, gurudumu la mbele likaingia kwenye reli ya tramu, ile treni ya mjini inayopita barabarani, pikipiki ikalala. Aliteleza mita kadhaa kwa ubavu, kisha goti la kushoto likagonga ukingo wa njia ya waendao kwa miguu.

"Nilisikia sauti kabla ya kusikia maumivu," anasema. "Nikajua limeondoka."

Mwanamke anayeuza chipsi pale kona alitoka na mwavuli akasimama juu yake mpaka gari la wagonjwa likafika. Lieselot alikuwa anauliza kitu kimoja tu: kisanduku kiko wapi. Kilikuwa kizima. Mwenzake alikuja kukichukua na damu ya watu ikafika maabara mchana huohuo.

Kwenye gari la wagonjwa nesi alichukua mkasi ili aikate suruali. Mkasi ukagoma. Akajaribu upande wa pili, ukagoma tena.

"Akaniuliza, 'Mama, hii suruali imeshonwa kwa uzi gani?' Mimi nalia, yeye anahangaika na jinzi."

Ilikuwa jinzi ya waendesha pikipiki. Kwa nje unaweza kwenda nayo sokoni, lakini ndani imefumwa kwa nyuzi ngumu zisizoisha haraka kwenye lami, na ina mifuko ya siri ya kuweka pedi za kukinga pigo magotini na nyongani. Alikuwa ameichagua kwa uangalifu. Lebo yake ilikuwa na herufi A tatu, daraja la juu kabisa. Pedi zake ziliandikwa namba mbili, ambazo ni ngumu kuliko za namba moja. Alilipa pesa ambazo mumewe, Joris, alizitajataja mezani kwa wiki nzima.

Hospitali walipofanikiwa kuivua, daktari alistaajabu. Ngozi ya mguu haikuwa na mchubuko hata mmoja. Lakini mfupa wa goti ulikuwa vipande viwili, ikabidi uunganishwe kwa waya. Pedi ya goti ilikutwa juu, katikati ya paja.

"Daktari akaniambia suruali imeniokoa," anasema Lieselot. "Nikamwuliza, imeniokoa nini? Akasema ngozi. Nikatazama goti langu, nikashindwa kujua nimshukuru nani."

Kilichomchanganya zaidi ni Wannes. Wannes De Baets ni mwenzake kazini, bwana mnene mwenye mdomo usiopumzika. Wiki chache kabla alikuwa ameanguka kwenye mzunguko wa barabara akiwa na jinzi ya kawaida. Aliteleza akaishia kwenye majani, akasimama, akajipangusa, akaenda kunywa kahawa.

Lieselot aliporudi na magongo kuwasalimia wenzake, Wannes alikuwa tayari.

"Karibu, dada wa A tatu," alisema. "Tuonyeshe hiyo suruali ya kivita."

"Wannes, niache."

"Nauliza tu. Suruali nzima, goti vipande viwili. Mimi suruali vipande viwili, goti zima. Sasa nani amenunua vizuri?"

Watu walicheka, Lieselot naye akacheka, lakini nyumbani hakulala vizuri. Alianza kusoma kwenye mtandao. Mmoja anasema suruali iwe inabana, mwingine anasema ikibana sana pedi inakata damu. Huyu anasema tazama herufi, yule anasema herufi ni za kusuguliwa na kuchanika, pigo ni habari ya pedi. Kwenye herufi, nyingi ndizo bora. Kwenye saizi, kila kampuni ina mkanda wake wa kupimia. Na suruali nyingi za wanawake, anasema, zimeshonwa na mtu anayedhani wanawake hawana mapaja.

"Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyopotea. Nikawa najua maneno mengi na sijui kitu."

Joris hakuwa na mashaka yoyote. Yeye ni dereva wa tramu, na njia yake inapita kwenye kona ileile. Haikuwa tramu yake iliyokuwa karibu siku ile, na reli ni reli, lakini kila akifika pale mkono wake unapunguza mwendo wenyewe.

"Uza pikipiki," alimwambia. "Maabara wana kazi za ndani."

"Nirudi kufungiwa ndani, Joris?"

"Urudi nyumbani ukiwa mzima. Basi."

"Reli ni zenu, halafu kazi niache mimi."

Joris alijaza vikombe kahawa, akamsogezea kimoja. Lieselot anasema kikombe kile kilimuuma kuliko kejeli za Wannes.

Machi daktari alimruhusu kurudi kazini. Jumamosi moja kabla ya siku hiyo alikwenda kwenye duka la vifaa vya pikipiki huko Merelbeke. Wannes alijitolea kumpeleka kwa gari, kwa sharti kwamba aruhusiwe kucheka.

Mwenye duka, Bi Godelieve Poppe, alisikiliza kisa chote akiwa ameegemea kaunta.

"Ile ya zamani uliijaribuje?" aliuliza.

"Mbele ya kioo. Nikasogeza pedi mpaka zikakaa juu ya magoti sawasawa."

"Huwa unaendesha umesimama?"

Wannes akacheka. Lieselot hakucheka. Bi Godelieve akampa jinzi nyingine, akamwonyesha pikipiki ya maonyesho katikati ya duka. "Vaa, kisha panda."

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Lieselot hakuwa amepanda pikipiki tangu Novemba. Aliinua mguu, akaushusha tena. Pikipiki ile ilikuwa imesimama imara, haina mafuta, iko juu ya zulia, na bado alirudi nyuma hatua moja. Wannes aliacha kucheka. Alisogea akashika usukani upande wa pili mpaka Lieselot akakaa.

Alikaa hivyo kwa muda mrefu, akiangalia mbele kana kwamba kuna barabara.

"Sasa tazama pedi," Bi Godelieve alisema taratibu.

Goti lilipokunjwa, kitambaa kilivutwa juu na pedi ikapanda nacho. Pedi iliyokuwa juu ya goti akiwa amesimama sasa ilikuwa pajani. Ile ya zamani ilikuwa vilevile, tena ilikuwa pana, kwa sababu Lieselot alitaka ajisikie huru.

Bi Godelieve akampa saizi ndogo zaidi. Ndani ya mfuko wa goti kulikuwa na utepe wa kunasa wa kurekebishia pedi, wakaishusha hadi chini kabisa. Akisimama, pedi zilining'inia kwenye miundi, akaonekana kama mlinda mlango wa mpira wa magongo. Akikaa, zilifunika magoti yote mawili.

"Yaani ikionekana vibaya ndiyo iko vizuri?" aliuliza Wannes.

"Kwa huyu, ndiyo. Kwa mwingine sijui mpaka akae."

Lieselot akauliza swali alilokuwa amelibeba majira yote ya baridi. "Ningevaa hivi siku ile, goti lisingevunjika?"

Bi Godelieve alifikiri. "Sijui, mama. Pedi inapunguza pigo, haiondoi jiwe la ukingoni. Nikikwambia ndiyo, nitakuwa nauza suruali tu."

Jibu hilo halikumtoa kwenye mkanganyiko wake, lakini aliinunua. Hata leo akiulizwa anasema hajui kama ile ya kwanza ilimsaliti au yeye ndiye aliyeivaa vibaya. Wannes naye alirudi dukani wiki iliyofuata, peke yake, na hakumwambia mtu. Walimgundua kazini kwa sababu alikuwa anatembea kama bata.

Waya za goti zitatolewa vuli ijayo. Mpango wa Lieselot ni kuendelea na kazi hii mpaka astaafu, na kabla ya waya kutoka anataka kwenda Ostend, mji wa pwani, kwa pikipiki, Jumapili moja ya jua, akale kamba wadogo ufukweni. Alimwambia Joris mezani, bila kumwomba ruhusa, akitegemea ugomvi.

Joris, ambaye katika miaka yote ya ndoa yao hajawahi kupanda nyuma yake, alikata mkate wake polepole.

"Na mimi nitavaa suruali gani?" aliuliza.

Lieselot aliweka kikombe chini.

"Sijui," alisema. "Twende dukani ukakae kwanza."