Baba Anasema Asali

Nyumbani kwangu Tabora hatununui asali. Huja yenyewe kutoka Sikonge kwa ndugu zetu, kwenye madumu ya mafuta ya kula, juu ya basi lililojaa vumbi kuliko abiria. Dumu likishatua mlangoni, baba hulitazama, hulinyanyua kidogo apime uzito, kisha huuliza swali lile lile: "Ya nani hii?" Si kwamba hajui. Anataka nianze kutaja majirani wa kugawiwa.

Baba alikuwa mrina asali. Alitundika mizinga porini tangu ujana wake, mpaka siku tawi lilipomwangusha na nyonga yake ikakataa kupona sawasawa. Mama alipofariki nikamchukua aje tukae wote mjini. Alikuja na begi moja, Biblia, kitabu cha nyimbo kisichokuwa na jalada, na tabia iliyonitia jasho tangu wiki ya kwanza: hakuacha mtu apite bila kumwambia habari za Yesu.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni Mmoravian wa kuzaliwa, na ukubwani nikakubali kwa hiari yangu. Naimba kwaya, sauti ya pili, na nisipokuwepo sauti ya pili hupotea, muulizeni mwalimu wetu. Lakini mimi pia ni fundi cherehani, na mtaa wetu, kando ya njia waliyopita wapagazi wa zamani wakielekea Ujiji, ni mtaa wa Waislamu wa tangu na tangu. Mama alipokufa walifika msibani Sikonge kabla ya wenzangu wa kanisani. Kanzu zao za Idi nashona mimi. Nilikuwa nimejiwekea kanuni kwamba dini ni kama nguo ya ndani: kila mtu anajua umeivaa, huna sababu ya kumwonyesha.

Baba hakuijua kanuni hiyo. Alikaa barazani, fimbo kati ya magoti, na "mwangaluka", salamu yake ya Kinyamwezi ya asubuhi, kwa kila apitaye. Muuza mkaa alikuja kuuza mkaa, akaondoka ameambiwa kwamba Mungu anampenda. Mteja wangu alikuja kupimwa gauni la harusi, nikamkuta ameketi ukutani miguu ikining'inia, anamsikiliza baba akieleza habari za mwana mpotevu, na tepu yangu bado iko shingoni mwake. Jambo la kuniudhi zaidi ni kwamba hawakukasirika. Walicheka naye, wakamuaga, kesho yake wakarudi. Mimi ndiye niliyekuwa nimenuna nyuma ya cherehani.

Ng'ambo ya ua wetu wa minyaa anakaa mzee mmoja, fundi bati. Mtaa mzima tunamwita Fundi, kama vile hakuna fundi mwingine Tabora. Anachukua makopo yaliyokwisha kazi anayageuza kuwa koroboi, faneli na ndoo za kumwagilia bustani. Babu zake walikuja na misafara, na yeye husema walikusudia kwenda mbali zaidi ila miguu ilichoka. Kila siku akishaswali alasiri alikuja kunywa chai na baba. Waliitana mtani, ingawa utani huo walijitungia wenyewe. Fundi alisema Wanyamwezi wamezoea kubeba mizigo ya watu. Baba alimjibu kwamba ndiyo maana hata yeye walimbeba, wakamtua hapa. Walicheka mpaka vikombe vikamwagika, na mimi huko ndani nikacheka pia, kwa sababu tangu mama aondoke nilikuwa sijamsikia baba akicheka hivyo.

Ndiyo maana niliogopa. Siku moja kabla Fundi hajafika, nikamkalisha baba.

"Baba, waambie wote unaotaka. Lakini huyu, naomba, mwache. Ukimwudhi huyu, utabaki na nani?"

Akaigeuza fimbo yake kati ya magoti.

"Kwa hiyo nisiowajua ndio niwaambie, na ninayempenda nimnyamazie?"

"Ni heshima, baba."

"Wewe unaita heshima," akasema. "Mimi naita uchoyo."

Kwetu Sikonge hilo si neno la kutamka ovyo. Mtu anaweza kuitwa mvivu akacheka, lakini ukimwita mchoyo umemtoa kwenye watu. Nilichomwa, nikajibu kwa ukali kwamba hii ni nyumba yangu na amani ya mtaa huu ndiyo inayoniletea wateja. Baba akaahidi hatamwambia Fundi, na alitimiza. Ila mara nyingine niliwaona wakiwa kimya, chai mkononi, baba amefungua mdomo kisha ameufunga.

Halafu Fundi akaanza kutengeneza faneli zinazovuja. Mwanzoni tulimtania. Baadaye tukaona anapapasa kikombe kabla ya kukishika. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, kwenye macho yote mawili, ataanza kupasuliwa lile lililoharibika zaidi. Kaka yake Fundi alifia gizani, ameshikwa mkono kwenda hata chooni, na Fundi ndiye aliyemshika. Tarehe ilipokaribia, akaacha kuja barazani. Mkewe akasema halali usingizi, hali chakula, na amefungia vifaa vyake vya kazi kwenye sanduku kama vya mtu aliyekufa.

Jumapili ile, upasuaji ukiwa kesho, baba alinisubiri nivue viatu vya kanisani.

"Pita kwa mtani wangu. Mwambie asali."

Nilielewa mara moja. "Baba, tulikubaliana."

"Tulikubaliana mimi nisimwambie. Sasa mwambie wewe."

"Mzee anaswali mara tano kwa siku!"

"Najua anaswali. Simwondoi huko. Lakini anaogopa, na mimi namjua Mtu wa kukaa na anayeogopa. Nitamfichaje? Nenda. Sema baba anasema asali."

Nilivaa kandambili nikaenda, nikiomba moyoni nisimkute. Sikumkuta kweli, alikuwa chumbani. Nilimkuta mkewe uani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu mkeka."

"Sikai, mama. Mwambie tu mzee, baba anasema asali."

Nilisema haraka, huku narudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Uso wake ukang'aa.

"Jamani, baba yako! Asante, mwanangu, atafurahi sana."

Nilishangaa furaha hiyo, lakini sikungoja kuielewa. Nilichotaka ni kuondoka pale.

Sasa, sisi kanisani tunasali, na wenzetu msikitini wanaswali. Ni herufi moja tu, lakini kwenye nyumba inayoswali, ukitaja asali umetaja kitu kimoja, kile kinachotoka kwenye mzinga. Na sisi ni watu wa Sikonge. Wangefikiri nini kingine?

Jua lilipoanza kupoa, Fundi akaja, mkono mmoja ukifuata minyaa, mwingine umeshika chupa. Ilikuwa mara ya kwanza kuja tangu alipojifungia.

"Mtani! Nimepata ujumbe wako. Sasa nieleze, hiyo asali ni ya kulamba au ya kupaka machoni?"

Nilitoka ndani mbio na sindano mdomoni. Baba alimtazama Fundi, akatazama chupa, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika nyonga, akacheka akaangusha fimbo. Fundi naye, bila kujua sababu, akaanza kucheka. Baba akaniamuru nilete dumu, na chupa ikajazwa mpaka shingoni.

"Ya kulamba," baba akasema alipopata pumzi. "Machoni usithubutu, daktari atakuua. Ila mimi sikutuma asali, mtani. Nilituma usali."

Kicheko kikakatika. Nilikwisha kufungua mdomo niombe radhi kwa niaba ya ukoo mzima, Fundi akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Mwache mwenzangu aseme."

Baba akasema. Hakuhubiri. Alimweleza siku ile ya tawi: alivyolala chini ya mti nyonga imevunjika, nyuki wakimshukia usoni, na sauti yake haifiki popote. Alivyomwita Yesu kwa jina kama mtu anavyomwita jirani. "Maumivu hayakuondoka," akasema, "na watu walinichelewa sana. Lakini sikuwa peke yangu pale chini, mtani. Tangu siku hiyo sijawahi kuwa peke yangu, hata mke wangu alipokufa. Kesho utalazwa mahali ambapo mimi siwezi kuingia. Ndiyo nikasema nikuambie ni nani anayeweza."

Chai ilikuwa imepoa. Fundi alishika chupa yake kwa mikono miwili.

"Mtani, mimi nimekuambia mara ngapi usilimu?"

"Kila Ramadhani."

"Ulichukia?"

"Nilifurahi. Mtu hakutakii pepo kama hakupendi."

"Basi na mimi nilikuwa nangoja," Fundi akasema. "Miaka yote hii unanipa asali, na hilo la Yesu hulitaji. Nikawa najiuliza, huyu mwenzangu anachokwenda kukisikia kila Jumapili, ama hakiamini, ama hanipendi."

Baba akainamisha kichwa. Hakunitaja. Angeweza, na ningestahili, lakini hakunitaja. Mimi mwenyewe nikamwambia Fundi.

"Mimi ndiye niliyemkataza, baba. Niliogopa utaudhika."

Fundi akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Mwanangu, mimi nimekuzoea kama wa tumboni mwangu. Nani aliyekuambia mimi ni yai?"

Kisha akamwambia baba wazi kwamba yeye ni Mwislamu na atabaki Mwislamu, asimdanganye mtani wake. "Lakini nimesikia," akasema. Baba akajibu kwamba hilo tu ndilo alilotaka. Walikaa kidogo bila kusema, na ulikuwa ukimya mwingine kabisa, wa watu wasiobaniana kitu.

Mimi sikukaa. Nilirudi kwenye cherehani nikashona shati la mtoto wa watu mikono kinyume, kwa sababu nilikuwa nalia. Miaka yote nilijiona mstaarabu kuliko baba. Kumbe nilikuwa nimeamua kwa niaba ya majirani zangu kwamba kitu kizuri kuliko vyote nilivyonavyo si cha kwao. Pilau yao nilikula, mbao za kuzuia udongo kwenye kaburi la mama walileta wao, na mimi kwangu nikatoa asali tu. Kusema kweli sikuwa nalinda amani yao. Nilikuwa nalinda raha yangu ya kutoulizwa swali.

Kesho yake baba hakuweza kwenda hospitali kwa sababu ya nyonga, nikaenda mimi na mkewe Fundi. Tulikaa kwenye benchi la nje, tukila karanga bila kuzisikia ladha. Alinishika mkono muda wote, mara anavuta uradi wake, mara ananiambia, "Na wewe omba, mwanangu, usikae tu." Nikaomba, kwa sauti, mbele ya watu, kwa namna yetu. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Mkewe Fundi akaitikia amina.

Siku iliyofuata walimfungua bandeji. Fundi alipepesa jicho, likatoa machozi, likatulia juu yangu.

"Kola yako," akasema, "umeishona imepinda."

Mkewe akapiga kigelegele mle ndani mpaka nesi akaja kutukemea. Kola yangu ilikuwa imepinda kweli. Sijawahi kufurahia aibu kama ile.

Njiani, kwenye bajaji, mkewe akawa mbele anamwelekeza dereva, mimi na Fundi nyuma. Alitazama kila kitu bila kuchoka: baiskeli zenye mizigo ya kuni, mabati ya nyumba, mabango ya simu. Tulipokaribia nyumbani akainama upande wangu.

"Mwambie mtani wangu kwamba pale, walipofunika uso, nilisali."

Sikuwa na hakika na masikio yangu. "Uliswali, baba?"

"Nilikuwa na ubovu wa jicho, mwanangu, si wa ulimi. Nimesema nilisali."

Hakuongeza neno, na mimi sikumchimba. Ijumaa ile alikwenda msikitini kama kawaida, kanzu imepigwa pasi, na mpaka leo anakwenda. Alichosema pale chini ya kitambaa, na aliyemwambia, ni mambo yake na Mungu. Mimi nilipewa ujumbe mmoja tu wa kufikisha.

Baba alikuwa barazani. Nilimwambia jicho limepona, akamshukuru Mungu. Kisha nikamwambia lile neno.

"Alisema aliswali au alisali?"

"Alisali, baba."

"Umesikia vizuri?"

"Nilimrudia kumwuliza. Alisali."

Akapitisha kiganja usoni, taratibu, kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, na kiganja kilitoka kimelowa.

"Safari hii umefikisha vizuri, mama," akaniambia.

Halafu akanyoosha fimbo yake akaligonga lile dumu la asali, lililokuwa bado pale mlangoni, limejaa zaidi ya nusu.

"Ya nani hii?"

Niliketi chini karibu na miguu yake, nikaanza kutaja majirani.