Jina Nililoacha Kuliandika Getini

Kocha wetu hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa makamo, mfupi, aliyekuwa akinunua nguo za jumla Zhanxi, soko la nguo katika mji wa Kichina tuliokuwa tukisoma, na kuzisafirisha kwao. Kabla ya biashara alikuwa amefundisha timu ya chuo kikuu kwao kwa miaka mingi. Siku moja alitukuta wanafunzi wa Kiafrika tukihangaika uwanjani bila kocha, akajitolea. Alikuwa akifika jioni na shati bado lina vumbi la maboksi, anavua viatu vya ngozi, anavaa njumu, anapuliza kipyenga.

Mimi nilikuwa nahodha. Natoka Tanga, nilikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi, nacheza kiungo.

Tangu ule ugonjwa wa korona upite, mgeni haingii chuoni mpaka mwanafunzi amwandikishe kwa simu, na ruhusa yenyewe haidumu zaidi ya wiki. Kumwandikisha kocha ilikuwa kazi yangu. Ni kugusa kioo mara mbili tatu tu.

Nilichojifunza kwake nilijifunza kwa aibu. Siku moja mazoezini beki wetu wa kushoto alimpasia adui mpira, nami nikamtukana kutoka upande wa pili wa uwanja. Kocha akasimamisha mchezo.

“Kapiteni, hapana piga mtu kelele toka mbali. Tembea mpaka pale aliko. Ukifika na hasira ingali iko, ndiyo useme.”

Nikatembea, wenzangu wote wakinitazama. Nilipofika hasira ilikuwa imekwisha. Nikamuuliza tu kama yuko salama. Akaniambia goti linamuuma tangu Jumanne na hakutaka kuonekana mvivu.

Sheria yake nyingine ilikuwa moja tu: asiyekuja mazoezini haanzi mechi. Tulikuwa na mshambuliaji Mkenya, mguu wa kushoto kama umepakwa sumaku. Alipopata kazi ya kuwatafsiria wafanyabiashara sokoni, mazoezi akawa anayaona ya watoto. Kocha akamweka benchi robo fainali ya kombe la vyuo, akamweka benchi nusu fainali. Tukapita zote mbili kwa tabu, ya pili kwa penalti.

Fainali ilikuwa Jumamosi, uwanjani kwetu, dhidi ya chuo ambacho hatukuwahi kukifunga. Wiki hiyo Mkenya hakuonekana hata siku moja. Alhamisi kocha akasoma kikosi, na winga Mzambia ambaye hajawahi kukosa mazoezi akapewa nafasi yake.

Usiku ule ule simu yangu haikunyamaza. “Buda, ongea na huyo msee,” Mkenya aliniambia, akimaanisha kocha. “Mnataka kombe ama mnataka nidhamu?” Wengine nao wakanisukuma. Ijumaa nikaenda Zhanxi kumtafuta kocha. Nilimkuta kwenye duka analonunulia, kati ya mikokoteni na mafurushi, akivuta mshono wa suruali kuona kama utafumuka.

“Kocha, ni mechi moja tu,” nikamwambia.

“Kapiteni, bantu bakijua kuna mmoja haguswi, bale kumi wengine banakuwa wapangaji. Mpangaji hatengenezi nyumba.”

“Tukishindwa je?”

“Tutashindwa. Jumatatu tutafanya mazoezi.”

Akarudi kwenye mshono wake. Nikaondoka nimekasirika, naona mtu mzima anachezea ndoto yetu.

Jioni nikafungua simu. Ruhusa yake ya getini ilikuwa imekwisha siku hiyo. Siwezi kusema nilipanga njama. Nilikitazama kile kitufe cha kuandikisha, nikakitazama tena, nikazima simu na kuiweka mfukoni.

Jumamosi, tukiwa chumba cha kubadilishia nguo, alipiga. Nikaacha simu iite mpaka ikachoka. Akapiga tena. Nikawaambia wenzangu kocha amekwama sokoni. Kisha nikamwendea Mzambia, amekwisha kufunga kamba za njumu zake.

“Kocha amebadilisha kikosi,” nikamwambia. “Utaanzia benchi.”

Akafungua kamba moja, akailegeza, akakaa.

Tulishinda mbili kwa moja. Mkenya alifunga mabao yote mawili, la pili kwa shuti ambalo hata wapinzani walilipigia makofi. Nikainua kombe, nikapigwa picha na wakubwa wa chuo.

Tulipotoka getini tukiimba, kocha alikuwa amesimama nje ya uzio. Alikuwa amekaa pale mechi nzima, anasikia kelele asione kitu. Akampa kila mchezaji mkono, hata Mkenya. Nikawa wa mwisho.

“Mlinzi anasema jina langu halimo,” akaniambia.

“Mtandao, kocha. Mtandao ulisumbua.”

“Ah. Mtandao.”

Akaaga, akaenda zake kituo cha metro.

Jumatatu nilimwandikisha mapema asubuhi. Nilimwandikisha wiki iliyofuata na nyingine tena, muhula mzima. Kila wiki simu ikaniletea ujumbe ule ule kwamba mgeni hakufika.

Mazoezi nikayasimamia mimi. Mkenya alikuja alipopenda, na kwa kuwa nilimpa fainali bila jasho, sikuwa na mdomo wa kumkanya. Wengine wakaanza kuiga. Nikawa nafoka kutoka katikati ya uwanja mpaka koo linakauka, na beki wa kushoto akanijibu siku moja, “Njoo unisemee hapa.” Sikwenda. Mzambia alikuja chumbani kwangu kuniuliza jambo moja: “Kocha alibadilisha kikosi saa ngapi, na simu yake hukupokea?” Akaniachia jezi yake kitandani, imefuliwa, imekunjwa.

Mwishowe nikarudi Zhanxi. Kocha alikuwa kwenye duka lile lile, anabishana na laoban, mwenye duka, juu ya saizi. Nikasubiri amalize, nikamweleza yote.

“Ninajua,” akasema. “Mlinzi alinionyesha simu yake siku ile. Mtandao ulikuwa mzima.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikuachia nafasi useme mwenyewe. Ulikuwa nayo pale getini.”

“Nisamehe, kocha. Rudi.”

“Kusamehe, nimesamehe. Kurudi, hapana. Bale batoto balisikia uongo wako na balifurahi. Mimi sina mazoezi ya kuponyesha ile.”

Akanishika bega kidogo, si kwa ukali, kisha akamgeukia laoban na kuuliza kama rangi ya kijivu ipo. Laoban akasema mei you, hakuna. Nikatoka nikapita kati ya mikokoteni, watu wakinipigia kelele nipishe.

Muhula uliofuata ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilinitumia fomu ya kusajili timu itakayotetea kombe. Nilijaza majina saba tu ya waliobaki, nikakaa na ile fomu wiki mbili, kisha nikaijibu ofisi kwamba hatutashiriki.