Jino la Mpiga Tarumbeta

Hiram Waithaka alijivunia kazi yake, na kusema kweli alikuwa na haki. Mwaka ule wa 1957 hakumjua Mwafrika mwingine mjini Nakuru aliyeweza kukutajia vyombo vyote vya daktari wa meno, akavichemsha, akavipanga, na juu ya hayo akawa mkalimani. Daktari Furtado, Mgoa aliyetoka Bombay, hata mwaka hakuwa amemaliza mjini. Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili, "fungua" na "tema", na hata hayo aliyasema kama mtu anayefukuza kuku. Mengine yote, kutoka kwa mgonjwa hadi kwa daktari na kurudi, yalipita katika ulimi wa Hiram.

Kwa hivyo tusitafute mtu mwingine wa kulaumu.

Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, Hiram ameshaanza kufunga madirisha, akaingia askari mmoja wa kambi ya Lanet. Alivaa kaki iliyopigwa pasi ikasimama, shavu moja limevimba kama ameficha kiazi.

"Jambo, ndugu. Mimi naitwa Kiptanui. Hii jino imenimaliza. Siku tatu sijalala."

Hiram akamkalisha. Kiptanui akaendelea kusema, mkono shavuni. "Mwambie daktari mimi ndiye napiga tarumbeta kambini. Muulize kama Jumatatu nitaweza kupuliza."

Alipofungua mdomo, Hiram aliona pengo chini, mahali pa meno mawili ya mbele. Hakushangaa. Alijua kwamba kwa Wakalenjin, watu wa Kiptanui, meno hayo hung'olewa mtu akiwa bado mdogo, kwa kipande cha chuma, tena bila ganzi, na mtoto hatakiwi kulia. Jino bovu lilikuwa la juu, la mbele kabisa.

Daktari aliligonga kwa mpini wa kioo, Kiptanui akaruka kitini. Kisha Furtado akamgeukia Hiram, akasema kwa Kiingereza kwamba jino hili linaweza kuokolewa. Lina ufa mdogo, na uozo umeingia hadi kwenye ule mfereji mwembamba wa katikati ya mzizi, palipo na nyama na mshipa. Nyama imekufa, usaha umejaa, na usaha hauna pa kutokea. Atalitoboa kwa nyuma, avute uozo kwa sindano, aoshe, atie dawa, azibe kwa muda. Mgonjwa arudi mara mbili. Mfereji ukikauka ataujaza na kuufunga kabisa, na jino litakaa pale pale, limekufa lakini linafanya kazi. Au aling'oe sasa hivi, dakika tano. "Muulize anataka lipi," akasema daktari.

Hiram aliyajua hayo kama jina la mama yake. Alikuwa ameshika taa mara nyingi sana Wazungu wa mashambani wakiokolewa meno yao. Na Wazungu, wacha niseme, huwa hawachoki kuulizwa wanataka lipi.

Akamtazama Kiptanui. Hakuona shavu wala jino. Aliona ile kaki. Miaka mitatu nyuma, katika misako ya serikali ya kikoloni, shambani karibu na Molo, watu waliovaa kaki walimpandisha kaka yake Ngigi kwenye lori pamoja na wanaume wengine, mama yao amesimama kati ya matuta ya viazi, mikono ina udongo. Tangu siku hiyo Ngigi alikuwa kizuizini. Halafu, na hili ndilo la aibu zaidi, Hiram alikuwa na njaa, na kazi ya mfereji ingemla saa nzima. Akajiambia kwamba mtu aliyetolewa meno mawili kwa chuma hawezi kulilia la tatu.

"Daktari anasema hii jino imeoza kabisa," akasema. "Lazima itoke."

Kiptanui akafumba macho. "Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna."

"Haya. Itoke."

"Amechagua ling'olewe," Hiram akamwambia daktari. Habari ya tarumbeta hakuitaja kabisa.

Ikawa dakika tano, kama ilivyoahidiwa. Kiptanui akamshika Hiram mkono kwa mikono yake yote miwili, mdomo umejaa pamba, akashukuru kwa macho.

Dhamiri ina ujinga wake. Hiram alitegemea kuona raha kidogo, japo ya kulipiza, lakini chakula cha mchana kilimshinda. Jumatatu alimwazia yule mtu na tarumbeta yake. Wiki ile alimshikia taa mke wa mkulima mmoja aliyekuwa akitengenezwa mfereji wa jino, na mwanga akauelekeza puani, hata daktari akamuuliza kama ana homa. Mwishowe alimweleza mkewe, Wangare.

"Jino moja, baba Nyakio?" Wangare alishangaa. "Sisi walituchukulia mtu mzima."

Maneno yalikuwa ya kweli, na Hiram aliyashika siku mbili tatu. Kisha moyo ukaanza kumsuta upya, kwa sababu hakuweza kusema kwamba ni Kiptanui aliyemchukua Ngigi. Hakujua. Wala hakuwa amemuuliza.

Miezi mitano ilipita. Asubuhi moja mlango ukafunguliwa, akaingia Kiptanui mwenyewe, na nyuma yake mwanamke aliyejifunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini. Alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Hii ni yako," Kiptanui akamwambia Hiram, akicheka na pengo lake la juu. "Siku ile ulinisaidia. Huyu ni bibi yangu, Chepkosgei. Ako na ugonjwa kama ile yangu."

Hiram akapokea kibuyu kwa sababu hakujua namna ya kukikataa. "Na tarumbeta?" akauliza.

"Ah. Imekwisha hiyo. Chini sina meno, kwa hivyo nilikuwa naegemeza juu, kwa hizi mbili. Moja ikienda, upepo unatoka tu. Walipatia mtu mwingine. Mimi sasa niko jikoni, nachemsha chai ya maofisa. Lakini jino ikioza utamlaumu nani?"

Chepkosgei akaketi. Lilikuwa jino la juu, jirani ya la mbele. Daktari aliligonga, akatazama, akatoa maelezo yale yale: mfereji, usaha, sindano, dawa, kurudi mara mbili. Au kung'oa. "Muulize."

"Aseme itolewe tu," Kiptanui alidakia. "Tunajua njia ni moja."

Hiram alisimama katikati yao. Kunyamaza kulikuwa rahisi, kwa kuwa jibu walikuwa wameshalileta wenyewe kutoka nyumbani. Angetafsiri tu, na jino la mwanamke huyu lingekwenda kulifuata la mumewe, na hakuna ambaye angejua mpaka mwisho wa dunia.

"Njia ni mbili," akasema. Akaeleza yote, polepole, hata akachora mzizi na mfereji wake nyuma ya bahasha.

Kiptanui aliitazama ile bahasha. "Hii njia," akasema, "siku yangu ilikuwako?"

"Ilikuwako."

"Daktari aliisema?"

"Aliisema. Mimi sikukuambia."

"Anasema nini?" daktari akauliza, na Hiram akamtafsiria, swali kwa swali, na jibu lake mwenyewe. Furtado akaweka kioo mezani.

"Kwa nini?" Kiptanui akauliza.

Hiram alikuwa na maneno mengi tangu zamani, akabakiwa na machache. "Kaka yangu alichukuliwa na watu wa kaki. Wewe ulikuwa umevaa kaki."

"Mimi nilikuwa napuliza tu," Kiptanui akasema. "Kuamka, kula, kulala. Hiyo tu ndiyo kazi nilikuwa nayo."

Akamwambia mkewe jambo kwa Kikalenjin, naye Chepkosgei akafungua mdomo. Jino likatobolewa. Hiram alishika taa, na safari hii mwanga haukuhama.

Walirudi mara mbili. Kiptanui hakumtukana wala hakumshitaki, na Hiram alitamani angefanya hivyo. Alisimama tu kando ya kiti, na kila Hiram alipotafsiri, akauliza, "Ni yote hiyo?"

Mara ya mwisho mfereji ulijazwa, jino likafungwa. Daktari akasema mama anaweza kutafuna baada ya siku mbili, ila asivunje mifupa kwa jino hilo. Hiram akaeleza, hakupunguza hata neno.

"Ni yote hiyo?"

"Ni yote."

Kiptanui akamgeukia Furtado, akangoja. Daktari, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja, akatikisa kichwa kukubali kwa adabu tu. Hapo ndipo Kiptanui aliporidhika, akamshika mkewe mkono, wakatoka.