Malkia wa Moto kwenye Foleni ya Maziwa

Edinah, mpimaji wa maziwa katika kituo kimoja cha Dundori, hakuwa mtu wa hadithi. Lakini kile kitabu kinene cha Kiingereza alichonunua kwenye mitumba mjini Nakuru, chenye joka kwenye jalada, kilimteka mzimamzima. Kinahusu malkia anayezungumza na moto, na mlinzi wake anayempenda tangu ukurasa wa tisa. Sasa wako ukurasa wa mia tatu na kumi. Wamevuka milima, wamepigana na mazimwi, na huyo bwana hajamwambia neno. Hata moja! Jamani, mtu akae hivyo?

Kila asubuhi, wakulima wakingoja lori lichukue maziwa ndipo warudi na mitungi yao, Edinah huwasimulia kurasa mbili kwa Kiswahili. Kuchungulia mwisho alikataa katakata. Alitaka kuelewa polepole ni kwa nini mwanamume asiyeogopa joka anamwogopa mwanamke.

Na tusidanganyane, hakuuliza kwa ajili ya malkia peke yake. Naftaly, mwanamume wa huko juu mlimani aliyefiwa na mkewe, hufika wa kwanza na mtungi wake kisha husimama wa mwisho kwenye foleni, ili apimiwe watu wakiwa wamepungua. Miaka miwili sasa. Halafu anaongea nini? Mvua na viazi! Edinah alimpenda, na alichoka. Bosi alikuwa amempa nafasi ya kuhamia Naivasha, na jibu lilitakiwa Ijumaa.

Alhamisi, kitabuni, malkia na mlinzi wakafika mtoni. Mlinzi akafungua mdomo, akaufunga, akaanza kunoa upanga. Foleni ikalipuka.

"Mwoga huyo!" akasema mmoja.

"Si mwoga," akamkatiza Gogo Chepchirchir, nyanya mwenye ng'ombe watano na maneno mengi kuwaliko. "Kwao ni wapi? Ana baba? Ana mjomba? Mtu atajiposea mwenyewe kama asiye na watu? Angalia vizuri, Edinah."

Edinah akarudi nyuma, akafunua, akafunua. Ukurasa wa kumi na moja: mlinzi aliokotwa langoni akiwa mtoto mchanga. Alikuwa ameusoma mstari huo akaupita tu. Kumbe! Hana wa kumtuma.

Naftaly akavua kofia.

"Edinah," akasema, "hata mimi sina. Mjomba aliyenisemea nilipooa mara ya kwanza tulimzika mwaka juzi. Wengine waliisha zamani. Nimekuwa nikijiuliza nitakuja kwenu na nani."

Edinah alisikia uso ukimwaka. Alifurahi, akaogopa, akashika kipimo asijue cha kupima.

"Na mimi nimesimama hapa nafanya nini?" Gogo akafoka. "Uzee ni ndevu? Jumamosi nitakwenda naye. Mwambie mama yako aandae chai ya kutosha."

Foleni nzima ikacheka. Lori likapiga honi barabarani, hakuna aliyegeuka.

"Njooni," Edinah akasema. "Bosi nitamwambia siendi Naivasha. Lakini Gogo akimaliza kuongea, Naftaly, na wewe useme."

"Niseme nini?"

"Hicho ndicho nilichongoja kujua miaka miwili."